Fungu la Anayeamsha

Sisi tunatengeneza makochi. Kaka anapiga fremu, mimi nakata vitambaa, nashona na kujaza sponji. Faida tukiigawa, yeye huchukua mafungu mawili, mimi moja. Ufunguo wa karakana anao yeye, na hulala nao chini ya mto utadhani kuna mtu atakayekimbia nao. Fungu moja lilinitosha kula. Halikunitosha kununua cherehani yangu mwenyewe, na bila hiyo ningezeekea kwenye cherehani yake.

Nilipodai nusu, Kaka hakukasirika. Alisema tupime: kila mmoja akae nyumbani siku moja, tuone kazi inapungua kiasi gani.

Nilianza mimi. Kochi la mteja likabaki mbao tupu, mteja akalitazama, akaondoka bila hata kulikalia. Nikajiona nimeshinda. Ilipofika zamu ya Kaka, alibaki kitandani na ufunguo wake, nami nikashinda nimekaa nje ya mlango uliofungwa.

"Bila mimi hata kuingia huingii," aliniambia jioni.

Hilo liliniuma sana.

Mama, aliyekuwa anakunja nguo, akasema kesho ni zamu yake. Kaka akacheka, maana Mama hata sindano hashiki. Asubuhi Mama hakumwamsha kama afanyavyo kila siku. Alikunywa chai yake taratibu, Kaka akakoroma mpaka adhuhuri. Jioni Kaka alikubali kwa shingo upande: mafungu matatu, kila mtu na lake.

Wakanipongeza. Nikapiga hesabu mara mbili. Langu lilikuwa lilelile, moja katika matatu.

Nilikwenda kulala nimefura. Ndipo nikakumbuka kwamba Mama naye ana usingizi mzito, na anayemgongea mlango kila alfajiri ni mimi.

Kesho yake sikumgongea mtu. Nilijifunika shuka gubigubi, nikasikiliza nyumba ikikoroma. Mteja alipiga simu, akapiga tena. Jua lilikuwa la utosi Kaka aliposimama mlangoni kwangu na ufunguo mkononi, Mama nyuma yake anapiga miayo.

"Haya, unataka ngapi?"

"Nusu," nikasema humo humo ndani ya shuka. "Hiyo nyingine mgawane na Mama. Bila yeye huamki."

Kaka alimgeukia Mama. Yeye aliniuliza tu kama kesho nitamgongea.

Kaka akaweka ufunguo mezani kwangu, akaenda kuvaa.