Hataza Iliyofichwa Isiingie Kapuni

Tangu barua ya wakili wa mshindani wake ifike, fundi yule wa mashine za hospitali hakuwa na amani. Alipewa siku saba: aache kuunda mashine zake za kuwasaidia watoto wachanga kupumua, maana zinatumia vali ya hewa isiyo yake, la sivyo wakutane mahakamani. Karakana ya watu watano ipambane na kampuni kubwa ya mshindani huyo, Mzee wa Betri kama alivyoitwa? Wangekwisha kabla kesi haijatajwa mara ya pili.

"Lakini dada, si tuko naye kwenye Kapu?" mdogo wake aliuliza.

Kapu ndilo jina la umoja wao. Kampuni kumi na mbili ziliweka pamoja hataza zao, yaani vyeti vya kumiliki uvumbuzi, kila moja itumie za wenzake bila kushtakiana. Sharti ni kuweka zote. Naye fundi, masikini, alikuwa ameficha moja, ya kihisio cha pumzi, kidude kinachotambua mtoto anavyopumua, akijiambia akiba haiozi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Asubuhi ya kikao cha Kapu, Mzee wa Betri hakuzungusha maneno. Vali inayogombaniwa ni yake, na hataza yake hakuwahi kuitia kapuni.

Mama mwenyekiti wa Kapu alivua miwani. "Nani mwingine kaficha?"

Fundi alipiga hesabu moyoni. Akisema, hataza yake itaingia kapuni naye abaki mikono mitupu. Asiposema, mzee naye ataendelea kukalia yake, na karakana itafungwa. Aliogopa. Akasimama hivyo hivyo.

"Mimi."

Cheti chake kikapita mkono kwa mkono hadi kwa mzee. Mzee alikisoma, akakirudia, kisha akakiweka mezani haraka kama kitu cha moto.

"Kihisio hiki," alisema taratibu, "mashine zangu zote zinacho. Mwaka wa tatu huu. Tulidhani tumekibuni wenyewe."

Mdogo mtu alimkanyaga dada yake chini ya meza. "Tumempata," alinong'ona. "Sasa na yeye apelekwe mahakamani."

Fundi alimtazama mzee. Hofu iliyokuwa usoni mwake aliijua, alilala nayo na kuamka nayo wiki nzima. Wakishtakiana, wote wawili wangefungiwa milango, na watoto wangekosa mashine za huyu na za yule.

Akaivuta fomu ya kutia hataza kapuni, akaisukuma mbele ya mzee pamoja na kalamu.

"Tia sahihi wewe kwanza, mzee wangu," alisema. "Mimi bado naogopa."