Pa Kupitishia Mguu

Siku Mkunga alipofariki, alirudi nyumbani mapema, akaiegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa jikoni upande wa nje, akamwambia mumewe kwamba leo uchovu umemzidi. Akanywa maji, akajilaza kitandani na viatu miguuni, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Mumewe akainama amvue taratibu asije akamwamsha. Alikuwa ameshamvua kimoja na ameshika cha pili alipogundua kuwa mkewe hapumui.

Watu wakajaa uani. Mmoja alitundika koti kwenye usukani wa baiskeli, mwingine akaweka sinia la vikombe kwenye keria. Hakuna aliyeisogeza. Walipoondoka, koti likaondoka na mwenyewe na sinia likarudi lilikotoka, baiskeli ikabaki palepale, gurudumu la mbele limegeukia njia.

Mtaa mzima ulimwita mumewe Mume wa Mkunga. Mwanamume mwingine angeona amekosewa heshima. Yeye jina hilo lilimkaa kama shati lililofuliwa mara nyingi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kwenye tanuri la kiwanda cha mikate, na mkate hauhitaji maongezi, unahitaji jicho. Maneno ya nyumba ile alikuwa nayo Mkunga, ya kwake na ya mumewe. Alijulikana kila kichochoro. Alizalisha wanawake, akaja akazalisha binti zao, na kote huko alifika kwa baiskeli ile ya kijani, mkoba ukining'inia mbele. Alipofariki watu waliendelea kumwita mumewe jina lilelile, naye akaendelea kuitika.

Mwanzoni alikwenda kazini kwa miguu. Njia ilikuwa ndefu na nyonga yake ya kulia ilikuwa mbovu tangu alipoanguka kutoka juu ya rundo la magunia ya unga. Mguu ule ulikuwa haukubali kuinuka juu kuliko ndoo. Asubuhi moja alichelewa, na alipopita jikoni mkono wake ukaushika usukani kabla hajafikiri.

Baiskeli ilikuwa ya kike. Haikuwa na mtalimbo, lile bomba la juu ambalo kwenye baiskeli ya kiume linatoka chini ya kiti na kwenda moja kwa moja hadi mbele. Mabomba yake yote mawili yaliteremka, yakaacha uwazi mkubwa katikati. Mume wa Mkunga akapitisha mguu hapo bila taabu, akakaa. Kiti kilikuwa chini mno kwake, magoti yakawa yanakaribia usukani. Hakukipandisha.

Kiwandani walimpokea kwa vifijo.

"Jamani, tokeni nje muone! Mume wa Mkunga kaja na gauni!" alipaza sauti mkata mikate, mtu ambaye mdomo wake ulikuwa unafika kazini kabla yake.

"Kesho atakuja na mkoba," akadakia mwingine.

"Mkoba upo," akajibu Mume wa Mkunga. "Nimeuacha nyumbani."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na vumbi la unga. Yeye mwenyewe alijisikia mwepesi siku ile, kama mtu aliyetua mzigo akasahau kuubeba tena.

Akawa anaiendesha kila siku. Halafu ikaanza kulia. Kwi, kwi, kila alipokanyaga pedeli ya kulia. Akatia mafuta kwenye mnyororo, ikalia. Akakaza kiti, ikalia. Mwishowe akaona: chini ya kiti, pale bomba la kiti linapoungana na bomba moja kati ya yale mawili ya mteremko, rangi ilikuwa imebanduka na pamechoreka mstari mwembamba wa kutu. Aliufuta kwa kitambaa. Kesho yake ulikuwepo. Akaufuta tena.

Aliyemfumania ni shemeji yake, mdogo wa kike wa Mkunga, mshona mapazia, ambaye alikuwa na desturi ya kuja kukagua kama shemeji anakula.

"Shemeji, hebu. Unafuta nini hapo?"

"Vumbi."

Shemeji akachuchumaa, akapitisha ukucha kwenye mstari. Ukucha ukazama. "Vumbi limekuwa na tundu siku hizi? Huu ni ufa. Umeuona tangu lini?"

"Kitambo."

"Na unaipanda! Sikiliza, mimi machozi yote nimemlilia dada. Ukivunjika shingo sasa hivi utazikwa kavukavu, nakuapia."

Wakaikokota hadi kwa fundi baiskeli wa pale kona. Fundi akaigeuza juu chini, akagonga bomba na spana, akasikiliza.

"Fremu imekufa, mzee."

Fundi akakumbuka anaongea na nani, akaishusha spana. "Samahani. Nilitaka kusema, imeharibika."

"Kama imekufa sema imekufa," alisema Mume wa Mkunga. "Lakini imekufa kweli?"

Fundi akajikuna kisogo. "Kwangu mimi, ndiyo. Wa magurudumu na breki ndiye mimi. Mambo ya kuunga chuma muone Cheche. Akishindwa yeye, basi."

Fundi Cheche alikuwa mchomeleaji. Karakana yake ilikuwa uwanja wenye paa la mabati nusu, umejaa mageti yaliyosimama bila kuta, na kila nguo aliyovaa ilikuwa na vitundu vya cheche, ndiyo maana ya jina lake. Alipoiona baiskeli akazima mtungi wa gesi.

"Hii si ya Mkunga?"

"Ndiyo."

"Wanangu wote wamekuja duniani hii ikiwa imeegemezwa mlangoni kwangu." Akaichukua mikononi kwa uangalifu. "Na sasa unaiendesha wewe?"

"Ndiyo."

"Watu hawakucheki?"

"Wanacheka."

Alijibu alivyoulizwa, basi. Lakini Cheche alimtazama kwa huruma, akatikisa kichwa kama daktari aliyeshajua ugonjwa. "Niachie. Njoo Ijumaa. Nitakutengenezea mpaka upite popote bila kuona haya."

Mume wa Mkunga hakuwa amesema anaona haya. Lakini mtu alikuwa anamsaidia, na yeye hakuwa mtu wa kumrekebisha anayemsaidia. Akashukuru.

Siku zilizofuata alirudi kutembea. Jikoni ukutani palikuwa na alama nyeusi ya tairi, na kila asubuhi aliipita.

Ijumaa alibeba mikate miwili ya moto kwenye karatasi, shemeji akamfuata. Cheche alikuwa anawangoja getini, ameosha uso. Akavuta turubai kwa madaha.

Baiskeli ilikuwa kijani tena, inang'aa. Na kutoka chini ya kiti hadi mbele, moja kwa moja, lilipita bomba jipya nene.

"Haya!" alisema Cheche. "Sasa ni dume. Ufa haurudi, na hakuna wa kukucheka tena. Hiyo ni zawadi yangu kwa marehemu."

Shemeji akapitisha kidole juu ya bomba. "Cheche," akasema taratibu, "umempachika dada yangu masharubu?"

"Nimeipa nguvu!"

"Imependeza," alisema Mume wa Mkunga, kwa sababu ndivyo alivyozoea kusema.

Akashika usukani, akainua mguu wa kulia. Ukagonga bomba. Akailaza baiskeli kidogo, akainua tena. Kisigino kikanasa, akayumba, akaegemea geti la mtu likalia kama ngoma. Cheche akaanza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Nyonga hiyo," alisema shemeji.

"Ah, kupanda tu. Utatafuta tofali la kukanyagia. Utazoea, mzee wangu."

Mume wa Mkunga akampa mkono, akamkabidhi mikate, akaikokota baiskeli hadi barabarani. Hapo akasimama. Alijua vizuri kitakachotokea. Ataifikisha nyumbani, ataiegemeza kwenye alama yake ukutani, na haitatoka tena. Kila akikutana na Cheche atamshukuru kwa kitu kinachooza kwa kutu. Na kurudi kusema toa ulichoweka, hiyo ni sawa na kumtemea mtu zawadi yake usoni. Shemeji alikuwa pembeni yake, akimtazama.

Akaigeuza baiskeli, akarudi ndani.

"Toa," alisema.

Cheche alikuwa anakata mkate. "Nitoe nini?"

"Hili bomba. Toa."

"Kwa ajili ya nyonga? Naweza kulishusha kidogo, tukapima..."

"Nyonga ni yangu, nitajua la kuifanya. Hapa ndipo alipokuwa anapitisha mguu. Umepaziba."

Cheche akaweka kisu chini.

"Watu walikuwa wanagonga dirisha," aliendelea Mume wa Mkunga, na shemeji akamgeukia, maana hakuwa amewahi kumsikia akisema maneno mengi kwa pamoja. "Wakigonga, mimi bado natafuta kiberiti, yeye ameshavaa, amechukua mkoba, amepitisha mguu hapa, ameondoka. Hata kumwambia safari njema nilikuwa nachelewa. Sasa mimi kila asubuhi napita palepale. Ni hivyo tu."

"Na wanaokucheka?"

"Waache wacheke. Walikuwa wananisikitikia, Cheche. Miezi yote ile hakuna aliyenitania. Kicheko ni afadhali sana."

Cheche alitazama kazi yake. Uso ulikuwa umemshuka. "Bomba zuri hili," alisema kwa unyonge. "Nimelitoa kwenye geti la mtu."

"Mrudishie mtu geti lake," alisema shemeji.

Kicheko kikawatoka wote watatu, cha Cheche kikachelewa kidogo lakini kikaja kikubwa kuliko vyote. Akavaa miwani yake ya kazi, akalikata bomba pande zote mbili, cheche zikamwagika hadi miguuni mwa shemeji aliyeruka akimtaja mama yake.

Bomba lilipotoka, Cheche akawaonyesha. Ule ufa alikuwa ameutoboa kitundu kidogo mwishoni ili usiendelee, kisha akaujaza shaba kwa moto wa gesi. "Lakini peke yake hautoshi," alisema. "Uzito wote unakuja hapa. Bila bomba la juu, ufa utapumzika kidogo, halafu utaendelea na safari yake."

"Kwani lazima uongeze kitu huko juu?" aliuliza shemeji. "Sisi pazia likichanika kwenye pindo hatuliongezei pazia la pili. Tunatia kiraka palepale, cha ndani na cha nje."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha kushona."

Cheche akaokota kipande cha bomba lililokatwa, akakilinganisha na bomba la kiti kwa jicho moja. Kisha akakikata kifupi, akakipasua kwa urefu, akakipasha moto hadi kikawa chekundu, akakivika kuzunguka ule ufa kama pindo la mkono wa shati. Akakibana, akakiunganisha kwa shaba kingo zote. Kipande kingine kidogo akakiweka kati ya mabomba mawili ya mteremko, chini kabisa, yashikane. Uwazi wa katikati ulibaki wazi.

Iliwachukua muda. Shemeji alikalia debe akila mkate wa zawadi, akitoa maelekezo ambayo hayakuombwa. Mume wa Mkunga alishika fremu pale alipoambiwa ashike, akaachia alipoambiwa aachie.

"Rangi imeniishia," alisema Cheche chuma kilipopoa. Kiraka kilikuwa cheusi, na kingo za shaba zilionekana wazi, za manjano, zimepinda hapa na pale. "Njoo wiki ijayo nikumalizie."

"Acha hivyohivyo."

"Mtu ataona imeungwa."

"Si imeungwa?"

Akapitisha mguu, akakaa. Akazunguka uwanja, akapita kati ya mageti, akarudi. Haikulia. Akazunguka tena ingawa hapakuwa na haja, magoti yakipanda na kushuka karibu na kifua, na Cheche akajikaza asicheke, halafu akakumbuka kuwa ameruhusiwa.

"Mzee, unafanana na panzi!"

"Nimesikia," alisema Mume wa Mkunga, akipita.

Shemeji alisimama mbele yake akamzuia kwa mikono miwili. "Jumapili huendi kazini. Utaniazima?"

"Unajua kuendesha?"

"Sijui. Dada alikuwa ananiambia nitaanguka. Lakini naona hata mimi na sketi yangu nitapita hapo."

Akashuka, akamwachia usukani.

Baiskeli sasa ni nzito kuliko zamani na kiraka chake bado hakijapakwa rangi. Jumatatu hadi Jumamosi Mume wa Mkunga huiendesha kwenda kiwandani. Jumapili anaichukua shemeji, ambaye bado anashuka na kuikokota kila akifika kwenye kona.