Mama Mkwe Ndani ya Jumba la Maandishi

Fundi hakuwahi kukaa na mama mkwe wake zaidi ya siku mbili mfululizo, na hizo mbili zenyewe alizipitisha kwa kujikaza. Safari hii zilikuwa wiki sita. Mama alikuwa ameteleza bafuni kwake, mguu ukavunjika, daktari akaufunga plasta mpaka gotini. Mwanawe, mume wa Fundi, dereva wa malori ya safari ndefu, akamleta nyumbani, akamkalisha kwenye kochi, akashika njia kabla chai haijapoa.

Wakabaki wanawake wawili. Fundi alitengeneza kompyuta kwenye chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani. Mama alishinda nyuma, akikunja upya taulo zilizokwisha kunjwa. Jioni alionja mchuzi, akanyamaza, na kile kimya kilimkera Fundi kuliko matusi.

Siku ya nne televisheni ikafa.

"Wewe si fundi?" mama akauliza.

"Mimi wa kompyuta, mama. Hiyo mpaka kipuri kipatikane, labda wiki mbili."

"Wiki mbili nitazame ukuta?"

Akajikongoja kwa magongo mpaka chumba cha mbele, akajitupa kwenye kiti cha wateja. Fundi akaona huyu atamkalia shingoni kutwa nzima. Akainama, akavuta kutoka chini ya meza kompyuta kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo mteja mmoja aliiacha akahama mji. Hakuwahi kuiuza kwa sababu ya mchezo mmoja uliokuwamo. Mchezo hauna picha. Ni maandishi ya kijani kwenye kioo cheusi: kompyuta inakueleza uko wapi, nawe unaiandikia unachotaka kufanya.

*Umesimama mbele ya jumba kubwa. Mlango umefungwa. Kwenye ngazi kuna taa ya mkono.*

"Picha ziko wapi?" mama akauliza.

"Hakuna, mama. Unasoma tu."

Mama akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja: *Naomba unifungulie mlango, nina mguu mbovu.*

*Sielewi "naomba",* kompyuta ikajibu.

"Haina adabu hii."

"Inaelewa maneno mawili mawili. Fungua mlango. Chukua taa. Hivyo."

Mama akafungua mlango, akasahau kuchukua taa, akapiga hatua tatu gizani.

*Umetumbukia shimoni. Umekufa.*

Akavua miwani. "Nimekufa?"

"Umekufa, mama. Tunaanza upya."

"Aa, kumbe si kufa kwenyewe," akasema, akairudisha miwani puani.

Siku hiyo alikufa mara tisa. Kesho yake, Fundi alipoingia chumba cha mbele na chai, alimkuta tayari kitini, plasta juu ya boksi, amegeuza kurasa za kalenda ya zamani na kuchora vyumba upande mweupe: jiko, ukumbi, ngazi ya mawe, chumba chenye saa saba zilizosimama.

"Hapa sakafu ni ya mbao," alimwambia Fundi. "Halafu dirisha liko kushoto."

"Mbona hawajaandika dirisha?"

"Wameandika vumbi linang'aa. Litang'aaje bila dirisha?"

Fundi akasogeza kiti. Ndipo mama akamweleza jambo ambalo hata mume wa Fundi hakuwahi kulitaja. Miaka thelathini alikuwa opereta wa simu, akiunganisha watu asiowajua. "Mtu akisema haloo tu, nilijua kama chumba chake kina zulia. Nilijua nani amesimama, nani amelala, nani ana mgeni asiyemtaka. Sikuona hata nyumba moja, lakini ukiniuliza, nimeingia zote."

Fundi alimtazama kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza. Chai yao ikapoa.

Wakawa wanacheza pamoja, Fundi akishika bisibisi mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Wakafika orofa ya pili, mbele ya maktaba, na Fundi akakunja uso. Alipajua. Miaka sita alikuwa amekwama papo hapo. Mlinzi amekaa mlangoni, hapitiki.

"Mpige," mama akasema.

*Mlinzi ana rungu. Wewe huna.*

"Mpe mkate."

*Mlinzi ameshiba.*

Wakajaribu kumdanganya, kumsukuma, kummulika kwa taa usoni. Siku mbili nzima! Mama akawa anamwaza mlinzi hata akiwa anaoga. Asubuhi ya tatu, mteja akiwa amesimama na printa mikononi, mama akapiga gongo sakafuni.

"Hebu mwanangu, tumemwendea mzee wa watu mara arobaini, tumemrushia mikate. Nani kamwambia hata habari za asubuhi?"

Fundi akaandika: *salimu mlinzi.*

*Mlinzi anatabasamu. "Miaka yote hii," anasema, "wewe ndiye wa kwanza." Anasogeza kiti chake. Mlango uko wazi.*

Fundi alipiga kelele, akamkumbatia mama mkwe wake, miwani ikaruka. Mwenye printa nusura aiangushe. Baada ya kuelezwa, naye akabaki saa nzima, akasahau kilichomleta.

Wiki ya sita dereva alirudi kumchukua mama yake, plasta imeshatolewa. Alikuta ukuta mzima umebandikwa kalenda, na wanawake wawili wameinamia kioo. Akasalimu. Kimya. Akasalimu tena.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mimi," mama akasema bila kugeuka. "Mara tatu leo. Tulia hapo."

Alikaa juu ya sanduku akiwatazama. Walibishana kuhusu ufunguo wa shaba, wakacheka jambo asilolielewa, wakasonyana kama mtu na dada yake. Kabla ya saa sita mama aliandika maneno mawili ya mwisho, na lango la bustani likafunguka.

*Umetoka salama. Pointi 340 kati ya 350.*

Fundi akashangilia. Dereva naye akashangilia kwamba sasa wataondoka, akanyanyua begi la mama yake.

Mama hakuinuka. Alikuwa amesogeza uso karibu na kioo.

"Hizi kumi zimekwenda wapi?"

"Mama, tumemaliza," Fundi akasema. "Kumi si kitu."

"Kuna chumba hatukuingia." Akavuta karatasi nyeupe. "Wewe, weka begi chini," akamwambia dereva, kisha akamgeukia Fundi. "Mwanangu, anza upya."