Mtambo Kufungwa

Kiwandani walimwita Redio, na jina lilimkaa kama shati la kupimwa. Kazi yake ilikuwa kupeleka chai ofisini kwa meneja, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na mtu anayeingia kwa meneja mara mbili kwa siku hakosi la kusema akitoka. Wafumaji walimngoja getini. "Redio, leo kuna nini hewani?" Naye alibana jicho moja na kujibu, "Mimi sijasema kitu," na kila aliyekuwepo akajua kitu kipo.

Alipenda hivyo. Hata baadaye mambo yalipoharibika hakujidanganya: aliipenda ile hali ya wanaume wenye misuli kumngoja yeye, mbeba birika.

Jumatatu moja, akiwa anamimina chai, jicho lake liliangukia karatasi iliyokuwa mezani. Aliisoma kichwa chini miguu juu, maana upande wa kusomea alikaa meneja. MTAMBO WA KUFUMA KUFUNGWA TAREHE MOSI. Chini yake kulikuwa na mistari midogo, lakini mkono wa meneja uliifunika, na Redio hakuwa na haja nayo. Mtambo wa kufuma ndio kiwanda chenyewe. Ukifungwa huo, watu mia tatu wanarudi majumbani.

Alipofika kwake alimwambia mkewe, "Tubane matumizi. Nyama tupunguze. Sare za watoto zisubiri."

"Kuna nini, baba watoto?"

"Mimi sijasema kitu."

Mkewe naye hakusema kitu kwa shoga yake, na shoga hakusema kitu kwa mumewe, na mume hakusema kitu kinyozini. Kwa namna hiyo, bila mtu yeyote kusema kitu, hadi Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unajua.

Na Ijumaa ndiyo siku ya mshahara. Siku zote pesa ya kiwanda ilishuka mtaani jioni ile kama maji yaliyofunguliwa bombani: kwa mwuza nyama, kwa kinyozi, kwa fundi viatu, kwa mafundi cherehani. Mafundi wakaipeleka duka la vitambaa, duka likaipeleka kiwandani kuchukua majora mapya, na Ijumaa nyingine ikashuka tena. Safari hii iliingia majumbani ikajifungia ndani. Ililala chini ya magodoro na kwenye makopo ya majani ya chai. Mwuza nyama aliifunika nyama yake kwa gunia mapema, akakaa juu ya kigogo anatazama barabara.

Mtaani hapo, kwenye chumba kimoja kilichotazama barabara, alishona dada yake Redio. Huyu dada ndiye aliyemlea. Ada zake zote za shule zilitoka kwenye mapindo ya sketi za watu. Alikuwa na cherehani mbili: ya kukanyaga, ya urithi wa mama yao, na ya umeme, aliyoinunua baada ya kujinyima miaka sita. Ile ya umeme aliisemesha kama mtu. Ikikwama aliiambia, "Mama, tusiaibishane mbele ya mteja."

Wiki ya pili Redio alipita akamkuta dada anashona kiraka kwenye suruali iliyokwisha viraka.

"Kazi zenyewe ndizo hizi sasa," dada alisema. "Watu wanavaa mpaka nguo iombe radhi. Hebu niambie, mdogo wangu, wewe uko jikoni kwao. Ni kweli kinafungwa?"

Redio alitazama sindano. "Mimi sijasema kitu, dada."

"Basi nimesikia," dada alisema, akakata uzi kwa meno.

Wiki ya nne, siku ya Jumatano, walikuja kiwandani mafundi wawili wageni. Walipima sakafu kwa futi, wakaweka alama za chaki, kisha wakaketi juu ya boksi la vifaa vyao. Redio aliwapelekea chai.

"Poleni na kazi, wazee. Kufunga mtambo mkubwa hivi si mchezo."

"Tungekuwa tumeshaanza," alisema fundi mkubwa, mzee wa tumbo na miwani. "Lakini bosi wenu anasema tungoje."

"Mngoje nini? Kuzima na kufunga milango tu?"

Mzee aliinua uso. "Milango ipi? Mtambo mpya uko kwenye makasha. Tumekuja kuufunga hapa, hizi alama ni za boliti. Wewe unadhani mtambo unafungwa kama duka?"

Mwenzake alicheka mpaka chai ikampalia. Redio hakucheka. Aliibana sinia kwenye mbavu, akaondoka.

Saa kumi aliingia kwa meneja akakuta anaongea kwenye simu. "Majora yamejaa stoo," meneja alikuwa anasema. "Maduka hayachukui, mafundi hawanunui. Nitafungaje mtambo mpya ilhali ule wa zamani unanishinda kuulisha? Zamu moja ipumzike kwanza. Ndiyo, watu sitini." Alifunika simu kwa kiganja. "Weka hapo, kijana. Asante."

Redio aliiweka chai akatoka. Getini wafumaji walimwita akapita kama kiziwi. Watu sitini. Hakuna aliyekuwa amewagusa, si meneja, si mtambo. Mdomo wake mwenyewe ndio uliotangulia mbele, na kiwanda kikaufuata.

Alikwenda kwake, akachomoa kopo nyuma ya kabati, mishahara yake ya wiki tatu, akaenda moja kwa moja kwa dada.

Dada alikuwa anaipaka mafuta cherehani ya umeme. Ilikuwa safi kupita siku ilipoletwa.

"Mnunuzi anakuja kabla ya magharibi," alisema bila kugeuka. "Kodi ya chumba haisikilizi hadithi. Nitabaki na ya mama."

"Usiiuze."

"Nikae nayo niipambe maua?"

"Kiwanda hakifungwi, dada. Mtambo unafungwa. Mpya. Wa kufungwa kwa boliti." Maneno yalimtoka yakigongana. "Mimi ndiye niliyeanza. Niliona karatasi."

Dada aliweka kitambaa chini polepole. "Ulisoma kufungwa."

"Ndiyo."

"Juzi jirani alipofunga feni dukani kwake, ulidhani amefilisika?"

Redio angefurahi kama dada angempiga.

"Nilikuuliza," dada alisema. "Hapo hapo uliposimama. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, na wewe ukanipa ule utani wako wa getini. Kama hukujua, si ungesema hujui?"

"Niliona aibu kutojua."

Hilo ndilo lililomchoma dada. Alikaa kwenye stuli, akaligeuza gurudumu la cherehani kwa mkono, bila kitambaa, sindano ikapanda na kushuka. "Unajua uzi wa chini ukiisha hutambui haraka? Sindano inapiga vilevile, mlio ni uleule, na wewe unasukuma kitambaa. Ukija kuvuta, pande mbili zinaachana mkononi mwako. Umetoboa tu. Wiki tatu hizi nimekuwa natoboa, nikidhani nimekosa bidii."

Redio alimwaga pesa zote juu ya meza. "Chukua."

Dada alizitazama, akachambua kiasi cha sare tatu. "Walete wanao niwapime kesho. Hizi nyingine ondoa. Mimi si msikiti wala kanisa, sipokei toba. Zipeleke zilikokuwa zikienda siku zote. Na kila unapotoa useme, kwa mdomo uleule."

"Na cherehani?"

"Sare tatu hazilipi kodi."

Mnunuzi alifika na mkokoteni, mwanamume mchangamfu mwenye kofia ya sufu. Alilipa, akainama, akashindwa kuinyanyua peke yake. Redio akashika upande wa pili. Ilikuwa nzito, na bado ina joto la mikono ya dada.

"Si wewe wa kiwandani?" mnunuzi aliuliza wakiwa mlangoni. "Tuambie basi. Kinafungwa lini hasa?"

"Hakifungwi. Mimi ndiye niliyeanzisha maneno hayo, na nilisoma vibaya."

Mnunuzi alimpima toka juu mpaka chini, akatabasamu kama mtu aliyegundua mtego. "Wamekutuma useme hivyo. Ee, hapo ndipo nimeamini."

"Hakuna aliyenituma."

"Sawa, sawa. Na wewe hujasema kitu." Aliifunika cherehani kwa turubai, akasukuma mkokoteni wake.

Redio alisimama barabarani mpaka ukaishia kwenye kona. Nyuma yake alisikia ile ya kukanyaga ikianza, taratibu, kwa miguu ya mtu aliyeizoea zamani. Hakugeuka. Alivuka kwenda kwa mwuza nyama, ambako watu wanne walikaa kwenye benchi wakipiga soga, hakuna aliyekuja kununua. Walimwona, wakasogea kumpa nafasi, na mmoja akauliza kuna nini hewani.

"Nipimie kilo mbili," Redio alimwambia mwuza nyama. Kisha akawageukia wa kwenye benchi, akabaki amesimama.