Ndoo Sita za Wifi

Fundi cherehani alikuwa na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, hatua kumi kwa sita, na kwa miaka minane pilipili zote zilizoliwa mle ndani zilitoka mikononi mwake. Mama mkwe wake hakuweza kumaliza sahani bila pilipili. Kila mchana aliita, "Mkwe wangu, niletee mbili za kuuamsha ulimi." Fundi aliacha mshono, akatoka kuchuma. Hakuna kilichompa raha kama kuitwa kule.

Kisha wifi yake, muuguzi, akahamishiwa kazi karibu, akarudi kukaa chumba cha juu. Alikuja na ndoo sita za rangi zilizotobolewa chini, akazipanga kwenye baraza ya juu, akapanda pilipili.

"Mizizi itapumulia wapi humo?" fundi alimuuliza. "Pilipili inataka ardhi, wifi."

"Nikikosa nitakuja kuomba kwako," muuguzi alijibu akicheka.

Hakukosa. Mvua zilipozidi, miche ya fundi ilinenepa, ikajaa majani tele, maua yakapukutika. Muuguzi alisogeza ndoo zake chini ya paa, akazinywesha kikombe kimoja kimoja, zikazaa pilipili ndogo, nyekundu, kali. Mama mkwe alionja moja, machozi yakamtoka.

"Hii ndiyo pilipili," alisema. "Zile za chini siku hizi zimekuwa mboga."

Alisema bila ubaya. Lakini toka siku ile, mchana ukifika, sauti yake ilielekea ngazini: "Mwanangu, nishushie mbili." Fundi aliisikia akiwa kwenye cherehani, mshono ukaenda upogo.

Mumewe alimwona alivyonuna. "Pilipili iko kwenye ndoo ya mwenzio, wewe yakuwashia nini?"

"Nani kakwambia inaniwasha?"

Jumanne asubuhi, muuguzi akiwa zamu, fundi alipanda juu na mfuko wa vipande vya vitambaa. Aliinua ndoo moja moja, akaziba matundu yote. Aliposhuka moyo ulikuwa mwepesi kama pamba.

Wiki mbili baadaye majani yaligeuka manjano. Muuguzi alishuka amekumbatia ndoo inayonuka maji yaliyooza.

"Wifi, wewe ndiye mwenye mkono wa kupanda. Nisaidie niihamishie kwako."

Fundi hakupata kisingizio. Waliipindua pamoja. Udongo ulitoka kama uji, na nyuma yake vikafuata vitambaa vya bluu vyenye mistari, vya sare za shule alizokuwa akishona fundi mwezi ule.

Muuguzi alivitazama, kisha akamtazama yeye. Hakupandisha sauti. "Ungeniambia tu kwamba unataka Mama akuite wewe."

"Ningeanzaje kusema jambo kama hilo?"

Muuguzi aliinama kuchambua mizizi. Waliokoa miche miwili, wakaipanda ardhini, minne ilikufa. Muuguzi alipanda mingine, na sasa akienda kazini hufunga mlango wa ngazi kwa kufuli. Kwa mama yake hakusema neno, na hilo lilimuuma fundi kuliko kusemwa, maana hata hapo wifi alikuwa amemshinda.

Kiangazi kilipofika, ardhi ilikauka, pilipili za fundi zikakolea. Mama mkwe alitafuna moja, akafuta macho kwa kiganja.

"Mkwe wangu, zako zimerudi."

Fundi aliitikia asante, akarudi kwenye cherehani. Alasiri nzima alishona huku akijiuliza kama ni wifi aliyemwomba mama yake aseme hivyo.