Flashi za Shemeji

Kila Jumatatu, kabla ya kufungua dirisha la kliniki, karani wa kumbukumbu alikuwa na desturi ya kumfufua mgonjwa mmoja. Ndivyo alivyoiita mwenyewe. Alijifanya kompyuta imekufa, akachomeka flashi yenye nakala za akiba, akachagua jina lolote na kujaribu kulirudisha faili lake. Wenzake walimcheka kwa hilo. Wagonjwa wala hawakulijua. Wao walimwita Dada Mafaili basi, na asubuhi hii foleni yao ilikwishaanza kukohoa nje.

Leo flashi ilikuwa mpya, ya bohari, na alimchagua fundi saa mmoja mwenye kifafa. Jina lilikuwepo, tarehe ilikuwepo, lakini alipolibonyeza, faili halikufunguka. Akajaribu la mama muuza mkaa. Akajaribu la mwalimu mstaafu. Majina yamejipanga kama wanafunzi gwarideni, ndani hamna kitu. Flashi ilijitangaza kuwa na nafasi ya kumeza hospitali nzima, kumbe tumbo lake la sisimizi. Ikishajaa, ilipokea majina na kuitupa miili.

Karibu na goti lake, ndani ya kompyuta, kitu kilikwaruza. Krr. Kimya. Krr. Kilikuwa kikikwaruza hivyo tangu Ijumaa. Diski ya ndani ilikuwa inakata roho, na dozi ya kila mgonjwa wa kifafa, wa moyo na wa kisukari ilikuwa humo tu, si kwingine popote.

Alijua mambo yakiharibika huwaje. Kompyuta ya kwanza ilipokufa, ilibidi wagonjwa waulizwe wenyewe wanakunywa dawa gani. "Vile vidonge vyeupe," walijibu, na vidonge karibu vyote ni vyeupe. Kijana mmoja mchomelea vyuma alipewa nusu ya dozi yake, akaanguka kifafa juu ya jiko. Mpaka leo alikuwa akija kliniki na shavu lililoungua, akiinama dirishani na kusema, "Shikamoo, dada," na karani hakuwahi kuizoea salamu ile.

Akawaomba radhi watu wa foleni, akaelekea bohari.

Mtunza bohari alikuwa akichonga penseli kwa wembe. Alimsikiliza bila kuinua macho, kisha akamsogezea kasha la sidii. Karani alikataa. Sidii zile zikishaandikwa zimeandikwa. Dozi za wagonjwa hubadilika kila siku ya kliniki, kwa hiyo angehitaji sidii mpya kila jioni na kabati la kuzifugia, achilia mbali kwamba mashine ya kuziandikia iligoma zamani. Basi peleka mtandaoni, mtunza bohari akashauri, na wote wawili wakacheka, maana bando la hospitali lilimalizwa na maofisa wa utawala kabla jua halijapanda. Kilichofaa ni diski ya nje: inabeba yote, leo inaandika juu ya jana, na kazi ikiisha unaichomoa na kuifungia mbali na kompyuta.

"Na hizi flashi ni mbovu, kaka," alisema karani. "Zote."

"Najua."

"Unajua?"

"Dada, mimi niko humu tangu wewe unavaa sare za shule. Moja niliipeleka nyumbani, ikala picha za harusi ya binti yangu. Sasa mama watoto hanipi chai." Alipuliza unga wa penseli. "Lakini anayezileta ni shemeji wa mkuu wa hospitali. Nikizikataa leo, kesho unanikuta mochwari nahesabu mashuka." Akamsogezea karatasi ya kupokea kasha jingine la flashi. "Weka sahihi hapa, twende zetu."

Karani aliuliza iko wapi flashi yake ya zamani, ile nzima aliyoirudisha, kwa kuwa sheria ya bohari ilikuwa rudisha kuukuu upewe kipya. Ilichomwa pamoja na vitu vibovu, akajibiwa. Sheria ni sheria.

Aliitazama kalamu aliyonyooshewa. Angeweza kusaini. Wangapi walisaini, wakarudi kukaa? Lakini kule chini ya meza yake kitu kilikuwa kinakwaruza, na foleni ilikuwa inangoja.

"Sisaini," alisema. "Mwaka jana niliomba diski ya nje, ikaidhinishwa. Ilinunuliwa?"

Mtunza bohari aliitazama dari.

"Kaka, ilinunuliwa?"

"Nenda ukumbini. Nyuma ya televisheni." Akarudi kwenye penseli yake. "Na mimi sijakwambia kitu."

Ukumbini mama wa usafi alikuwa anapiga deki. Viti vilikwishapangwa kwa ajili ya wageni wa makao makuu. Diski ilikuwa pale pale ilipotajwa, imechomekwa kwenye televisheni, na ubavuni ina karatasi iliyogandishwa: KUMBUKUMBU ZA WAGONJWA. Karani alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Akaichomoa.

"Pita huku pakavu, mwanangu," alisema mama wa usafi. "Mimi sijaona."

"La, mama, umeona. Wakiuliza, waambie nimeichukua mimi, na waambie niko wapi."

Alipoifungua mezani kwake alikuta mechi za mpira, sherehe za kuagana, na filamu ya uzinduzi wa mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa, mkuu akikata utepe. Hakufuta hata kimoja. Nafasi ilikuwepo tele. Akaanza kunakili, akafungua dirisha, akaandikisha watu huku sikio moja liko chini ya meza. Krr. Mstari wa kunakili ulisogea kama mzee anayepanda ngazi.

Mstari ulikuwa umevuka nusu wakati katibu wa mkuu alipoingia, tai imekaza shingo, mkono umetangulia.

"Hiyo diski, dada. Wageni wamefika. Wanataka kuoneshwa filamu ya uzinduzi."

"Itakapomaliza."

"Mkuu anaitaka sasa hivi."

"Kaka yangu, hii kompyuta inakufa. Ukichomoa sasa, tumebaki na filamu tu."

Katibu alishika waya. Dirishani kulikuwa na mwanamke aliyembeba binti yake mgongoni, msichana mkubwa, miguu yake inaning'inia.

"Vuta," alisema karani, bila kupaza sauti. "Lakini kwanza geuka umwambie yule mama. Dozi ya mwanawe ilibadilishwa wiki iliyopita. Mwambie wewe, mimi nimechoka kuwaambia."

Yule mama alimtazama katibu, akimpandisha binti yake vizuri mgongoni. Katibu aliuangalia waya, akaangalia dirisha, akauachia taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba kitu alichoshika ni cha moto. Aliuvuta mkono wa koti lake ukanyooka.

"Kabla ya saa ya chakula," alisema, "mkuu anataka barua yako ya kujieleza mezani kwake. Imechapwa."

"Ataipata," alijibu karani, na kumpungia yule mama asogee. "Lakini nitaiandika kwa mkono. Kompyuta ina kazi."