Friji Ilivyonenepa

Asubuhi, Dobi alipokuwa akitoa maziwa ya chai ya mama mkwe wake, mlango wa friji uligonga jiko. Haukuwa umewahi kuligonga. Alilisogeza jiko, akamimina maziwa, kisha akaenda zake kupiga pasi mashati ya watu.

Jioni mumewe, ambaye alikuwa kinyozi, aliipima friji kwa kitana chake cha kazini.

"Imenenepa," alisema. "Kitana kizima, upande huu wa mlango."

"Basi kula, chakula kinapoa," alisema Dobi.

Friji hiyo waliinunua kwa kadi ya mkopo. Kila mwisho wa mwezi benki ilimtumia Dobi ujumbe kwenye simu, wenye namba mbili: juu deni lote, chini malipo ya chini kabisa. Dobi alilipa ile ya chini, tena mapema, na moyo wake ulitulia kama wa mtu aliyerudisha sufuria ya jirani ikiwa imesuguliwa. Kwao alilelewa hivyo. Ukiombwa kiasi fulani, unatoa kiasi hicho, huzungushi watu.

Friji nayo ilikuwa na adabu zake. Ilinenepa siku ya ujumbe tu. Siku nyingine ilitulia ikinguruma. Ilifika darini, ikageukia ukuta wa chumba cha mama mkwe. Mwashi aliitwa kubomoa. Aliuliza abomoe wapi, akabomoa, akaomba maji baridi.

Hapo ndipo usingizi ulipomruka Dobi. Chumba kile kikiliwa, mama mkwe angelazimika kuhamia kwa mwanawe mdogo, ambaye mkewe hakuwa akimsalimia. Na Dobi alimpenda yule mama. Ndiye aliyemfundisha kukunja shati bila kuvunja kola.

Jirani yao, fundi cherehani, alikuja na futi yake shingoni, akaizunguka friji hadi ukuta ulipomzuia.

"Cherehani yangu niliinunua kwa kadi ya benki hiyohiyo," alisema. "Njoo uipime. Haijaongezeka hata unene wa uzi."

"Unaifanyaje?"

"Nalipa namba ya juu. Yote, kabla tarehe haijafika. Nikijijua sitaweza, kadi inalala kabatini na mimi nalala kitandani."

"Mimi wananiomba ya chini."

"Si wanapenda ikue, shoga yangu!"

Dobi alipiga simu benki. Alipokelewa na msichana mwenye sauti laini.

"Friji yangu inanenepa," alisema Dobi.

"Ndiyo, mama, hiyo ni riba. Yako ina afadhali. Kuna mteja ana televisheni, sasa hivi yeye na wanawe wanalala barazani."

"Nikitaka isimame?"

"Unalipa deni lote, mama."

Dobi aliitazama namba ya juu. Nayo ilikuwa imenenepa. Walishalipa karibu bei nzima ya friji, na bado namba hiyo ilizidi ile ya siku walipoinunua.

"Sina," alisema.

"Usijali, endelea na ya chini. Wewe ni mteja wetu mzuri sana, hujachelewa hata mara moja. Tena tumekuongezea kiwango cha kukopa kwenye kadi."

Dobi alishukuru. Kwao alilelewa kushukuru pia.

Ujumbe uliofuata ulipoingia, friji ilikisukuma kitanda cha mama mkwe hadi ukumbini. Mama mkwe alifungasha nguo zake, akaketi juu ya begi. Kinyozi alimpigia simu mdogo wake aje amchukue mama. Mdogo wake alisema atakuja, ngoja kwanza aongee na mkewe.

Walipokuwa wakingoja, mama mkwe aliinuka kutafuta maji ya kunywa. Alifungua friji, akachungulia, akaingia. Nyanya zilikuwa zilezile, ndogo, zimejikusanya pembeni. Nafasi iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko sebule.

"Mwanangu," alimwita Dobi kutoka ndani. "Leteni kitanda."

"Mama, humo kuna baridi."

"Kwa yule mwanamke pia kuna baridi. Na huku angalau kuna taa."

Kinyozi aling'oa rafu mbili, wakaingiza kitanda, na mlango wakauegesha kwa ndala. Mdogo wake aliambiwa asijisumbue. Alishusha pumzi kwenye simu, akasema wamsalimie mama.

Kesho yake Dobi alikwenda dukani kununua blanketi zito. Hakuwa na fedha taslimu, akatoa kadi. Alirudi, akaingia kwenye friji, akamtandikia mama mkwe wake. Blanketi lilianzia kidevuni, likaishia juu kidogo ya vifundo vya miguu.

"Zuri," alisema mama mkwe, akichezesha vidole. "Ila fupi."

"Vumilia, Mama," alisema Dobi, akimpandishia soksi. "Mwisho wa mwezi litafika."